Chuo walinipokea lakini TSC, tume inayosajili walimu Kenya, ingenikataa: yaliyonipata nikisomea ualimu

Septemba 2016 nilifika chuoni na sanduku la bati, godoro la inchi nne na barua ya KUCCPS, wale wanaopangia wanafunzi vyuo, inayosema nimeitwa kusomea Shahada ya Elimu upande wa sanaa. Kwetu ni Kwale, ndani ndani huko, na nyumbani mimi ndo nilikuwa wa kwanza kuingia chuo kikuu kwa hivyo hakukuwa na mtu wa kumuuliza chochote. Baba aliuza mbuzi watatu, mjomba akaongezea nauli, nikapanda basi la usiku. Naandika haya manake kila mwaka matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakitoka napigiwa simu na watu wa kwetu ambao watoto wao wameitwa kusomea ualimu, na nikisikiliza mipango yao naona wanaelekea pale pale nilipoangukia mimi.

Kosa langu nililifanya siku ya kwanza kabisa, kabla hata sijapata kitanda hosteli. Mwalimu wa sekondari hapa Kenya lazima awe na masomo mawili ya kufundishia, ndo kombinesheni hiyo. Sasa siku ya kujiandikisha unapewa fomu unaambiwa jaza kombinesheni yako, foleni nyuma yako ni ndefu, jua linachoma, karani anakuharakisha. Mimi KCSE ya 2015 nilikuwa na B- ya jumla, Kiswahili A-, Historia B-, Jiografia C. C tupu, isiyo na alama ya kujumlisha. Lakini kwenye foleni kuna kijana wa mwaka wa pili alikuwa anatusaidia kubeba mizigo akaniambia Historia walimu wamejaa, chukua Kiswahili na Jiografia utaajiriwa haraka. Nikaandika Kiswahili na Jiografia. Karani akapiga muhuri. Hakuna aliyeniuliza nilipata nini kwenye Jiografia na mimi nikachukulia kwamba kama chuo kimekubali basi imekubalika.

Nilisoma hivyo mwaka mzima na nusu. Katikati hapo 2017 kulikuwa na migomo ya wahadhiri, ule wa kwanza tu ulichukua siku 54, tukarudi nyumbani tukarudi chuoni, kwa hivyo hata hesabu ya ni semista gani ilikuwa inachanganya. Sasa tulipoingia mwaka wa pili tukaanza somo la mbinu za kufundisha na mhadhiri wetu, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa amefundisha sekondari miaka mingi kabla ya kuja chuo, akatuambia kipindi kijacho kila mtu aje na result slip yake ya KCSE, ile karatasi ya matokeo. Tukadhani ni utani. Tulipokuja akauliza, nani hapa anasomea somo ambalo alipata chini ya C+? Mikono ikainuka taratibu, nadhani tulikuwa kumi na kitu. Akatuangalia kwa huruma kabisa, akasema, "Wanangu, chuo kitawapa digrii. TSC hawatawapa namba."

Niliganda. Sikuwa najua kwamba hivi ni vitu viwili tofauti, na hii ndo naomba mtu akisoma hapa aishike kuliko yote mengine. Digrii inatoka chuoni. Ruhusa ya kufundisha inatoka TSC, na TSC wana masharti yao wenyewe ambayo hayajali kwamba chuo kilikupokea. Sheria ya TSC ya 2012, kifungu cha 23, inasema hakuna mtu atakayefundisha kama hajasajiliwa kuwa mwalimu. Na ili usajiliwe kufundisha sekondari ukiwa na digrii ya ualimu wanaangalia kwanza KCSE yako: C+ ya jumla, na C+ kwenye kila somo kati ya yale mawili ya kufundishia. Halafu wanaangalia transkripti zako, lazima uwe umesoma yuniti, yaani zile kozi za semista, zisizopungua nane kwa kila somo. Halafu TP, mazoezi ya kufundisha, isiyopungua wiki 12 na uwe umepasi. Hayo masharti hayakuwa siri, ila mimi sikuwahi kuyafungua hata siku moja, nilikuwa nauliza wanafunzi wenzangu ambao nao hawakuwa wanajua.

Usiku huo nililia. Nilikuwa nishasoma yuniti nne za Jiografia, nishalipia safari ya kwenda kuangalia mabonde na miamba, nishanunua atlasi ya bei. Rumeti wangu aliniambia kitu cha maana, akasema Historia una B-, kwa nini usihamie huko saa hii kabla hujafika mwaka wa tatu. Kesho yake nikaanza kuzunguka na barua. Barua inatakiwa isainiwe na mkuu wa idara ya Jiografia kwamba amekuachilia, mkuu wa idara ya Historia kwamba amekupokea, kisha mkuu wa kitivo, kisha ofisi ya masjala. Inaonekana saini nne tu lakini ilinichukua wiki tano, huyu yuko semina, huyu anasema dirisha la kubadilisha lilifungwa mwaka wa kwanza, nenda rudi nenda rudi. Nilichojifunza ni kwamba usiache barua yako ofisini bila nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Barua yangu ya kwanza ilipotea na nikaanza upya.

Walipokubali ndo nikaona bei yake. Zile yuniti nne za Jiografia zilibaki kwenye rekodi kama mapambo tu, hazihesabiki popote. Ilibidi nirudi kusoma Historia ya mwaka wa kwanza na watoto wa mwaka wa kwanza, huku naendelea na za mwaka wangu, kwa hivyo wenzangu wakiwa na yuniti sita au saba kwa semista mimi nina tisa. Ratiba ziligongana. Kuna semista nilikuwa naingia nusu ya lekcha ya Fasihi halafu natoka mbio kwenda kumalizia ya Historia jengo lingine. Nilifeli yuniti moja ya Saikolojia ya Elimu nikafanya sapu, mtihani wa kurudia, na pesa ya HELB, mkopo wa serikali wa wanafunzi, ikawa inaishia kwenye ada ya yuniti za ziada badala ya chakula. Nyumbani sikuwaambia mpaka pesa zilipokwisha kabisa. Nilimpigia baba nikamwelezea yote nikitegemea atanikaripia, akanyamaza kidogo akauliza, "Sasa zahitajika ngapi, mwanangu?" Hilo swali liliniuma kuliko kukaripiwa.

Jambo lingine kuhusu hesabu ya yuniti nane, watu wengi wanakosea. Zile za Elimu yenyewe, falsafa ya elimu, saikolojia, mitaala, utawala wa shule, hizo hazimo kwenye nane za somo. Hata somo la mbinu za kufundisha Kiswahili ni la upande wa Elimu. Nane ni za Kiswahili chenyewe: sarufi, fonolojia, fasihi simulizi, ushairi, isimujamii na kadhalika. Chukua daftari, gawanya kurasa mbili, kila semista ikiisha andika kila yuniti upande wake uhesabu kwa mkono wako. Mimi nilianza kufanya hivyo baada ya kuhama na ndo iliyoniokoa, manake mwaka wa tatu mshauri wangu aliniambia niko sawa kumbe nilikuwa nabakisha moja ya Historia.

TP nilienda Mei 2019. Nilichelewa kutafuta shule. Wajanja walikuwa wamepeleka barua tangu Februari, wakapata shule karibu na kwao wakawa wanalala nyumbani na kula nyumbani, mimi nikaanza kuzunguka muhula ushafunguliwa. Nikapata shule ya kutwa upande wa Kaloleni, nikakodi chumba kimoja 2,500 kwa mwezi, maji ya kununua. Kumbuka TP hulipwi hata shilingi, wewe ndo unatumia. Kuchapisha faili, karatasi za manila za vielelezo, viatu vya kufunga, nguo za heshima, chakula cha stafrumu ambacho walimu wanachanga na wewe huwezi kukaa pembeni kila siku. Kwa hesabu zangu ile miezi mitatu ilinila kama elfu 28. Kama uko mwaka wa kwanza anza kuweka kidogo kidogo kwa ajili ya hiyo miezi, usidanganywe kwamba HELB itatosha.

Na siku ile naripoti nilikuwa nishapoteza wiki mbili za muhula, kwa hivyo wiki 12 zangu zilikaa pale pale ukingoni. Bahati naibu wa mwalimu mkuu alikuwa mtu makini, akaniandikia barua ya kuripoti na tarehe, akaniambia siku nikimaliza ataniandikia nyingine ya kuonyesha wiki nilizofundisha. Hizo barua mbili nimezihifadhi mpaka leo.

Sasa kosa la TP. Maazimio ya kazi, yaani mpango wa mada za muhula mzima, nilichukua kwa rafiki yangu aliyekuwa shule nyingine, nikabadilisha jina la shule nikachapisha. Sikuangalia kwamba yeye alikuwa anatumia kitabu kingine cha kiada na kwamba shule yangu ilikuwa nyuma yao kwa mada tatu. Wiki ya tatu Jumanne asubuhi nimeingia Kidato cha Pili, naanza ngeli, naona mlango unafunguliwa na mzee mmoja ameshika mkoba anakaa dawati la nyuma kabisa. Supavaiza, mkaguzi wa TP kutoka chuoni. Hawasemi wanakuja lini. Siku hiyo sikuwa na andalio la somo, ule mpango wa kipindi kimoja, nilikuwa nimesema nitaandika jioni, somo lenyewe nalijua.

Nikafundisha hivyo hivyo. Nikasema ngeli ya A-WA ni ya viumbe vyenye uhai, nikatoa mfano wa mtu na mtoto, msichana mmoja akainua mkono, "Madam, na kipofu je? Si inaanza na ki kama kiti?" Swali zuri sana. Mwalimu aliyejiandaa angelishika hilo swali akajenga nalo kipindi kizima, kipofu anakuja vipofu wanakuja, kifaru, kiongozi, kwamba ngeli tunaitazama kwenye upatanisho wa sentensi, ile silabi ya mwanzo pekee haitoshi. Mimi nilipaniki nikamwambia tutafika huko. Kipindi ni dakika 40 na mimi nilimaliza nilichokuwa nacho dakika ya 25, zile 15 nikawaambia waandike mifano kumi.

Baadaye chini ya mwembe yule mzee akafungua faili langu. Akaona maazimio yanasema wiki ya tatu ni ushairi. Akaona jina la kitabu ambacho shule haina. Hakupiga kelele. Akaniambia, "Mwalimu, umeuliza maswali kumi na moja na tisa umejijibu mwenyewe. Na yule msichana ulimzimia taa." Alama alizonipa sitazitaja ila ziliniangusha chini ya nilivyozoea. Nilienda chumbani nikakaa sakafuni. Kilichoniuma zaidi ni yule msichana, manake hakuinua mkono tena wiki nzima.

Baada ya hapo nilibadilisha kila kitu. Nikaandika maazimio upya kwa mkono kutoka kwa kitabu cha shule, andalio la kila somo naandika jana yake usiku hata kama nimechoka vipi, rekodi ya kazi najaza kila nikitoka darasani siyo Ijumaa kwa mpigo. Nikamwomba mwalimu wa Kiswahili wa pale, bibi mmoja mpole, awe anakaa nyuma ya darasa langu mara moja kwa wiki aniambie ukweli. Hii nawashauri sana, supavaiza anakuja mara tatu tu lakini huyu yuko hapo kila siku na hana alama za kukutisha nazo. Na yule msichana nilimwita mbele wiki iliyofuata nikamwambia swali lake lilikuwa bora kuliko somo langu, tukaanza nalo. Ukaguzi wa pili na wa tatu ulienda vizuri kabisa.

Nikadhani nimemaliza shida. Machi 2020 korona ikafunga vyuo tukiwa semista ya mwisho, nikamalizia masomo nikiwa Kwale kwa bando za mia mia nimekaa mbele ya duka la jirani ambako mtandao unashika. Orodha ya kufuzu ikatoka, jina langu halimo. Maksi zimepotea, yuniti moja ya Historia. Nikakumbuka ile yuniti niliisoma na darasa la mwaka wa kwanza nilipohama, kwa hivyo jina langu halikuwa kwenye orodha rasmi ya lile darasa, liliandikwa kwa kalamu chini kabisa, na maksi hazikuhamishwa. Mhadhiri alikuwa ameshahamia chuo kingine. Niliokolewa na karatasi ya CAT, lile jaribio la katikati ya semista, niliyokuwa nayo na kadi ya mtihani iliyosainiwa siku ile, bila hizo ningerudia yuniti nzima. Hata hivyo nilikosa mahafali ya mwaka huo nikangoja ya mwaka uliofuata. Kwa hivyo karatasi za CAT msitupe, kadi za mtihani msitupe, na mkiwa mnasoma na darasa ambalo siyo lenu nendeni kwa karani wa idara mhakikishe jina limeingizwa kwenye kompyuta siyo kwa kalamu.

Usajili wenyewe wa TSC niliufanya mwisho wa 2021, na huu kwa kweli ndo ulikuwa mwepesi kuliko vyote. Unaomba mtandaoni, unapakia kitambulisho, PIN ya KRA (watu wa ushuru), picha ya pasipoti, cheti cha KCSE, cheti cha digrii na transkripti zote, fomu ya daktari ile wanaita GP69, na cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI, idara ya upelelezi. Hicho cha mwenendo mwema nililipa 1,050 kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, halafu nikaenda kupigwa alama za vidole Huduma Centre ya Mombasa, fika mapema manake foleni inaanza alfajiri. Ada ya TSC nililipa 1,055. Mimi kilichonichelewesha ni jina, kitambulisho kina majina matatu na KCSE ina mawili, ikabidi niende kwa wakili kuapa kwamba ni mtu mmoja. Angalia majina yako ungali mwaka wa kwanza, una miaka minne ya kurekebisha. Na kama cheti chako cha KCSE kimeshikiliwa na shule uliyosoma kwa sababu ya deni la karo, anza kukifuatilia sasa, sheria ya KNEC, baraza la mitihani, haiwaruhusu kukikalia.

Namba ilipotoka niliisoma kwa sauti nikiwa peke yangu jikoni. Kisha nikampigia baba nikamsomea tarakimu moja moja, akasema ngoja nichukue kalamu.

Sio wote tulifika. Kati ya wale tulioinua mikono siku ile darasani, najua watatu hawakuhama. Mmoja alikuwa rafiki yangu wa karibu, alikuwa na C tupu kwenye CRE, somo la dini ya Kikristo, akasema TSC watalegeza kamba tu. Alifuzu, maombi yake yakarudishwa, sasa anauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi na ni mmoja wa watu wanaojua kueleza jambo likaeleweka kuliko wote niliowahi kukutana nao. Huwa naumia nikimfikiria. Kuna na mwingine, huyu si kati ya wale watatu na hakuwa darasa letu, alisoma digrii ya kawaida ya Kiswahili na Sosholojia akasema atamalizia na ile diploma ya ualimu ya baada ya digrii, PGDE. Njia hiyo ipo na ni halali kabisa, lakini masharti ya masomo mawili na yuniti nane nane bado yanakufuata, na Sosholojia haifundishwi sekondari. Alijikuta ana somo moja. Alirudi chuo kuongeza yuniti za lingine.

Mimi nilianza kazi kwa kuajiriwa na bodi ya shule, elfu kumi kwa mwezi, na mwalimu mkuu kabla hata hajaniuliza jina aliuliza namba ya TSC. Baadaye 2023 nikaingia intanshipu ya sekondari ya chini, shilingi 20,000 kabla ya makato. Siwezi kusema pesa ilikuwa inatosha.

Juzi mtoto wa shangazi yangu amepata mwito wa kusomea ualimu, anataka Hisabati na Biashara kwa sababu ameambiwa zina soko. Nikamwambia njoo na result slip kwanza. Tukakaa chini, Hisabati C+, Biashara C. Kingereza B, na Fasihi ya Kingereza inaenda na Kingereza. Alinuna kidogo. Ameniahidi atalala nalo, na barua ya kubadilisha nimeshamwandikia, iko hapa mezani inangoja tarehe tu.